Ampli ya koperative isife kwa joto: namna ya kuitunza ndani ya nyumba ya malata



Koperative nyingi siku hizi ziko na ampli, mikro na bafle mbili tatu. Vyombo hivi havikuanguka toka juu: vilinunuliwa kwa makuta ya wanamemba, kilo kwa kilo ya kahawa, ya kakao au ya mahindi. Siku ya mkutano mkuu, ampli njo inafikisha bei, hesabu za mwaka na majina ya wanaogombea komite mpaka kwa mama anayeketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Ikizimika katikati ya hesabu, watu wa mbele wanaendelea kusikia, wa nyuma wanaanza kuulizana: "Wamesema ngapi?" Hapo maneno ya uongo yanazaliwa, na kesho yake tunasikia kwamba komite imekula makuta.

Fundi akifungua ampli iliyokufa, mara nyingi hakuti wizi wala uchawi. Anakuta joto. Katika makala hii tutaeleza joto hilo linatoka wapi, linaharibu nini, na wanamemba wanaweza kufanya nini bila kutumia makuta mengi. Tutazungumza pia juu ya ampli za zamani za lampu, zile zenye vioo vinavyowaka ndani, sababu ziko bado katika parokia, katika mashule na kwa wanamuziki, na hizo zina desturi zake.

JOTO LINATOKA WAPI?

Linatoka pande tatu.

Kwanza, ndani ya ampli yenyewe. Hakuna ampli inayogeuza umeme wote kuwa sauti. Sehemu kubwa inageuka joto. Ampli ya lampu njo inayozidi. Lampu moja ya aina ya EL34, ambayo mafundi wanaijua sana, inakula karibu wati 9 na nusu kwa kupasha uzi wake wa ndani tu. Ampli yenye lampu nne za namna hiyo inakula wati 38 kabla mtu hajasema hata "alo". Ongeza umeme unaopita katika sahani ya kila lampu, ambayo inaweza kutoa joto mpaka wati 25. Kwa hiyo ampli hiyo inatoa joto kama wati 100 na zaidi hata wakati mwenyekiti amenyamaza. Ampli za transista zinapasha kidogo kuliko hapo, na zile mpya nyepesi, zinazoandikwa "Class D", zinapasha kidogo zaidi. Lakini hakuna hata moja isiyopasha.

Pili, nyumba. Malata yakipigwa na jua la saa sita, mtu hawezi kuyagusa. Yale malata yanashusha joto lake ndani, na hewa ya moto inakusanyika juu, chini ya paa. Simama juu ya meza siku ya jua na utasikia tofauti kwenye uso wako. Njo maana ampli iliyowekwa juu ya etajere, karibu na paa, inateseka kuliko ile iliyo kwenye meza ya chini, hata kama ziko katika chumba kimoja.

Tatu, sisi wenyewe. Mtu mzima aliyeketi tu anatoa joto la karibu wati 100. Wanamemba 80 katika sale moja ni wati 8.000. Ni kama kuingiza ampli za lampu 80 na kufunga madirisha. Kwa hiyo mtu asiseme: "Asubuhi tuliijaribu, ilifanya vizuri." Asubuhi sale ilikuwa tupu.

JUU YA NINI HEWA NI YA LAZIMA

Wakulima wa kahawa wanajua meza za kukaushia. Juu ya nini tunatandika kahawa kwenye wavu, si chini kwenye udongo? Ili hewa ipite chini na juu. Wakulima wa kakao wanajua kinyume chake: ukirundika mbegu mbichi katika sanduku na kuzifunika na majani ya ndizi, zinapata moto zenyewe, mpaka digri 45 au 50. Kwa kakao tunautaka moto huo. Kwa ampli hatuutaki. Ampli iliyofunikwa na kikwembe wakati inafanya kazi ni kama kakao iliyofunikwa: moto unabaki ndani na unaongezeka.

Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Hewa ya baridi inaingia chini kuchukua nafasi yake. Ampli nyingi zina matundu chini na juu kwa sababu hiyo. Ukiziba ya chini, hakuna kinachoingia. Ukiziba ya juu, hakuna kinachotoka. Tundu moja peke yake halisaidii sana.

Kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii: sisi wa milimani tuko na hewa nyepesi. Goma iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, na Butembo inapita hapo. Kwa urefu huo hewa ina uzito mdogo kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo inabeba joto kidogo. Wa Uvira na Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, wako chini zaidi, karibu mita 800, lakini hewa yao ni ya moto. Kila mmoja ana sababu yake ya kuacha nafasi kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika kitabu cha kiwanda.

JOTO LINAHARIBU NINI?

Watu wanafikiri lampu ndiyo inayokufa kwanza kwa joto. Hapana. Lampu ilitengenezwa iishi na moto. Kioo chake kinaweza kupita digri 200 bila shida. Wanaoumia ni majirani zake: kondensata, rezistansi, waya na transfo.

Kondensata ni kile kikopo kidogo cha duara ndani ya ampli. Ndani yake mna maji maalum. Joto linayakausha pole pole. Juu yake fundi atakuonyesha namba: 85 au 105. Ni digri za mwisho ambazo kinaweza kuvumilia. Kanuni ya mafundi ni hii: kila digri 10 zinazoongezeka, maisha ya kondensata yanakatika nusu. Na kila digri 10 zinazopungua, yanaongezeka mara mbili.

Tufanye hesabu. Tuseme kondensata iliandikwa masaa 2.000 kwa digri 105. Ikifanya kazi kwa digri 85, itaishi karibu masaa 8.000. Kwa digri 65, karibu masaa 32.000. Ni kondensata ile ile, bei ile ile. Kilichobadilika ni pahali ulipoweka ampli. Njo sababu tunasema: kupoza ampli ni kuongeza miaka, si kuepuka moto wa siku moja tu.

Transista nazo zimefungwa kwenye mapezi ya aluminiamu, kama vidole vingi. Mapezi hayo njo yanatupa joto nje. Yakijaa vumbi, ni kama kuyavalisha koti.

MAMBO NANE YA KUFANYA, MENGI NI YA BURE

1. Shusha ampli. Iweke kwenye meza ya kawaida, mbali na paa, mbali na dirisha linaloingiza jua, na si katikati ya watu.

2. Acha nafasi. Upana wa kiganja, yaani sentimita 10, kila upande; juu yake acha shubiri mbili. Usipandanishe vyombo: ampli juu ya konvertisere, dekoda juu ya ampli, kikapu cha mama mweka hazina juu ya vyote. Kila kimoja kinapika kilicho juu yake.

3. Iinue kidogo. Vipande vinne vya mbao vya sentimita 2 au 3 chini ya pembe zake vinatosha kuacha hewa iingie chini. Usiiweke juu ya godoro, blanketi au kitambaa kizito.

4. Kikwembe ni cha baadaye. Kufunika ni vizuri, kunazuia vumbi na mijusi. Lakini funika ampli ikiwa imezimwa na imepoa, na uifunue kabla ya kuiwasha.

5. Safisha kila mwezi. Toa waya wa umeme kwanza. Tumia burashi laini iliyo kavu ya rangi, pitisha kwenye matundu na mapezi. Usitumie maji. Wakati wa kiangazi, kama sale iko kando ya barabara ya udongo, fanya kila wiki mbili. Mkiweka wavu kuzuia mende, nao usafishwe, sababu wavu uliojaa vumbi ni sawa na ukuta.

6. Panga bafle vizuri, usiongeze sauti ovyo. Kuongeza nguvu ya ampli mara mbili hakufanyi sikio lisikie mara mbili. Linasikia imeongezeka kidogo tu. Lakini joto linapanda. Ni afadhali kuinua bafle juu ya vichwa vya watu, kuzielekeza nyuma, na msemaji ashike mikro karibu na mdomo.

7. Hesabu bafle. Nyuma ya kila bafle pameandikwa ohm, mara nyingi 8. Bafle mbili za 8 zilizofungwa pamoja sambamba zinakuwa 4. Nne zinakuwa 2. Ampli nyingi hazikubali chini ya 4. Ukifunga bafle nne kwenye tundu la mbili ili watu wa nje wasikie, transista zinabeba mzigo usio wao na zinapata moto haraka. Kosa hili linaua ampli nyingi siku za sikukuu.

8. Saidia na vantilatere ndogo. Zile za ordinatere za zamani, za volti 12, zinakula wati 2 hivi na zinafungwa kwenye batri moja kwa moja. Ziweke zisaidie hewa kwenda juu, kama inavyotaka kwenda yenyewe. Vantilatere inayosukuma hewa ya moto irudi chini inapigana na kazi hiyo.

AMPLI YA LAMPU INA DESTURI ZAKE

Kwanza usalama. Ndani ya ampli ya lampu mna umeme wa volti 400 na zaidi, na unaweza kubaki ndani ya kondensata hata baada ya kuzima na kutoa waya. Unaua. Mwanamemba asifungue sanduku lake. Ni kazi ya fundi anayejua kuutoa umeme huo.

Usiiwashe kamwe bila bafle iliyofungwa. Transfo yake ya kutoa sauti inaweza kuungua hata kama inaonekana hakuna anayeongea.

Ukiiwasha, ngojea dakika moja au mbili lampu zipate moto ndipo mtu aseme. Ukiizima, iache dakika 15 mpaka 20 kabla ya kuibeba. Uzi wa lampu ukiwa wa moto unakatika kwa mtikisiko kidogo. Ukiibeba haraka kwenye moto ya pikipiki, utafika na lampu zilizokufa.

Iwe mbali na pahali paa linapovuja. Tone moja la mvua juu ya kioo cha moto linaweza kukipasua.

Tazama rangi. Kawaida utaona mwanga mdogo wa chungwa katikati ya lampu: huo ni uzi wake, ni uzima. Lakini kama ile sahani ya chuma ya kijivu inayozunguka uzi inaanza kuwa nyekundu kama kaa la moto, zima mara moja. Usingojee hotuba iishe. Lampu hiyo inapitisha umeme kupita kiasi, na ikiendelea itaangusha transfo, ambayo bei yake ni kubwa kuliko lampu.

Angalieni pia grupe ya mafuta. Grupe ambayo haikupangwa vizuri inaweza kupandisha volti kupita 220. Lampu hazipendi kupita asilimia 10 juu au chini ya kipimo chake. Fundi apime grupe kwanza ikiwa inazunguka, ndipo ampli ifungwe.

Na kwa koperative inayotegemea jua, tuseme wazi: kama mnanunua ampli mpya, ya lampu haifai. Sauti yake wanamuziki wanaipenda, na ni haki yao. Lakini itakula batri yenu hata wakati hakuna anayesema. Kwa mikutano, ampli mpya nyepesi itatoa sauti ile ile kwa umeme kidogo sana na joto kidogo.

BATRI, KONVERTISERE NA PLAKE

Ampli haiko peke yake. Konvertisere nayo inapata moto, na wati zilizoandikwa juu yake mara nyingi zilipimwa katika chumba cha digri 25. Kwa digri 40 haiwezi kubeba zote. Kama imeandikwa 1.000, usiipangie kazi ya 1.000 siku ya joto.

Batri za asidi zinazeeka kama kondensata: joto la kila siku likipita digri 25 kwa digri 10 hivi, maisha yake yanakaribia kukatika nusu. Batri ya miaka minne inakuwa ya miaka miwili. Ziweke chini, kwenye ubao, kwenye upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Zisifungwe katika sanduku moja na ampli, sababu zikijazwa zinatoa gesi inayoweza kulipuka.

Hata plake za jua hazipendi joto. Zinapenda mwanga. Kila digri moja juu ya 25 inapunguza umeme wake kwa karibu asilimia 0,4. Plake iliyolalia malata moja kwa moja inapoteza kila siku. Ifungeni juu ya mbao, mkiacha sentimita 10 kati yake na paa ili hewa ipite.

Na tafadhali, ampli isilale katika depo ya mbolea na dawa za mimea. Hewa ya pale inakula chuma na waya. Isilale pia kati ya magunia: yanaziba hewa, na waya ukiungua, magunia ndiyo kuni.

POZENI SALE YENYEWE

Dawa kubwa kuliko zote ni plafo. Mikeka ya matete, mianzi iliyopasuliwa, au mbao nyembamba za mikaratusi, ikifungwa chini ya malata na nafasi ya hewa katikati, inazuia sehemu kubwa ya joto la paa. Acheni matundu juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, ili hewa ya moto itoke. Yawekeni wavu, popo wasiingie.

Plafo ina faida ya pili. Wote tunajua mvua ikipiga malata, mkutano unasimama. Halafu mtu anapandisha sauti ya ampli mpaka mwisho ili kushindana na mvua, na ampli inapika. Plafo inapunguza kelele hiyo. Kwa hiyo franka zilizotumika kwa mikeka zinatunza masikio, ampli na wanamemba kwa pamoja.

Miti nayo ni kazi yetu. Avoka au mwembe uliopandwa upande wa magharibi utatia kivuli kwenye ukuta jua la mchana linapokuwa kali. Usiupande karibu sana, matawi yasije yakaangukia paa au kufunika plake.

Mwisho, fanyeni mkutano mkuu asubuhi. Wekeni hesabu na uchaguzi kwanza, hotuba za wageni baadaye. Kama ampli itachoka saa saba za mchana, afadhali ichoke kwenye hotuba za wageni.

DALILI ZA KUANGALIA

Jaribio la kiganja ni rahisi. Weka kiganja juu ya sanduku la chuma, si juu ya lampu. Ukiweza kukiacha huku ukihesabu mpaka kumi, sawa. Ukikitoa kabla ya tano, ampli iko hatarini: punguza sauti, toa bafle zilizozidi, fungua madirisha, leta vantilatere. Usimwagie maji, usiwekee kitambaa kilicholowa.

Dalili zingine ni hizi: sauti inakwaruza baada ya saa moja ingawa mwanzoni ilikuwa safi, ampli inajizima, inapoa, inawaka tena yenyewe, harufu ya kitu kinachoungua, mlio wa "mmmm" unaoongezeka mwezi kwa mwezi. Ampli inayojizima na kuwaka tena inajilinda. Msiilazimishe. Mlio wa "mmmm" mara nyingi ni kondensata zinazokauka, na kuzibadilisha mapema ni bei ndogo kuliko kununua ampli nyingine.

NANI ANAHUSIKA?

Chombo cha wote kinakufa haraka sababu hakina mwenyewe. Tunashauri komite ichague walinzi wawili wa ampli, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, wanaokaa karibu na sale. Wawe na daftari moja lenye sehemu nne: tarehe, masaa iliyofanya kazi, joto la kiganja, na kilichosafishwa. Wanaokuja kuazima ampli kwa ndoa au kwa matanga waandikwe humo, pamoja na hesabu ya bafle wanazofunga. Daftari hilo lisomwe pamoja na hesabu zingine mwisho wa mwaka, na wanamemba waulize maswali kama wanavyouliza juu ya mizani na magunia.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu ujao, walinzi hao wafanye mambo matatu: wasafishe matundu, wapime ampli saa sita ya mchana badala ya asubuhi, na waiache ifanye kazi saa mbili mfululizo. Ikipita hapo bila kukwaruza, mama wa nyuma atasikia bei yake.